Sarafu za Kale na Habari Zilizomo

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo ambacho kila mtu amepata kukishika mkononi, lakini ni wachache waliokitazama kwa makini. Kitu hicho ni sarafu. Tutaeleza habari za sarafu za shaba za Kilwa, za dhahabu iliyopigwa Tabora, na za dola za dhahabu za Marekani, ambazo leo watu wa mbali huzitafuta kwa mali nyingi. Kisha tutaeleza jambo lipasalo kufanywa na mtu wa pwani yetu aokotapo sarafu ya kale shambani au ufukoni.

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa walimu vijana katika shule moja ya pwani, upande wa Kilwa, mwanafunzi mmoja alikuja darasani asubuhi, baada ya mvua kubwa ya masika, naye ameshika kitambaa kilichofungwa fundo. Akasema, "Mwalimu, maji yamebomoa ukingo, na hivi vimeonekana." Tulipofungua fundo tuliona vipande saba vya shaba, vidogo kama vifungo vya kanzu, vimefunikwa na kutu ya kijani. Sisi, kwa kutaka kuwaonyesha watoto uzuri wake, tulitwaa ndimu na mchanga, tukavisugua mpaka vikang'aa. Watoto walifurahi sana. Lakini tulipovitazama tena, vitano havikuwa na maandiko yo yote. Jina la mfalme aliyetawala kabla ya babu za babu zetu tulikuwa tumelifuta kwa ndimu moja.

Baadaye alipita mgeni mmoja mwenye elimu ya mambo haya. Tulimwonyesha vile vipande, naye akatuuliza maswali matatu tu: Vilipatikana mahali gani hasa? Vilikuwa chini ya udongo kiasi gani? Vilikuwa pamoja na vitu gani? Hatukuweza kujibu hata swali moja, kwa kuwa hatukumwuliza mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa amekwisha kuhama na wazazi wake kwenda Lindi. Tangu siku ile tumejifunza habari za sarafu, na hayo tuliyojifunza ndiyo tutakayowapa leo.

JINSI SARAFU INAVYOPIGWA

Kwanza yatupasa kujua sarafu inavyofanywa. Fundi hutengeneza mihuri miwili ya chuma kigumu. Juu ya kila muhuri huchonga maandiko au picha, lakini huchonga kinyume, kama vile uso wako uonekanavyo katika kioo, ili chapa yake itoke sawasawa. Muhuri mmoja huwekwa chini imara. Juu yake huwekwa kipande cha madini cha mviringo kisicho na maandiko. Kisha muhuri wa pili huwekwa juu ya kipande kile, na fundi hupiga kwa nyundo pigo moja lenye nguvu. Madini hubonyea, na pande zote mbili hupata chapa kwa mara moja. Ndiyo maana twasema "kupiga fedha" wala hatusemi "kushona fedha" au "kuandika fedha".

Siku hizi nyundo imekwisha kuachwa, na mashine ndizo zipigazo, lakini kazi ni ile ile. Tena, kwa kuwa zamani kila muhuri ulichongwa kwa mkono, mihuri miwili ya kale haifanani kabisa. Mtu mwenye macho makali, akizitazama sarafu mbili, aweza kutambua kama zilitoka katika muhuri mmoja au la. Hilo ni jambo dogo, nasi tutalirudia mbele.

MASULTANI WA KILWA NA SHABA YAO

Watu wengi hudhani kwamba fedha za sarafu zililetwa kwetu na Wazungu. Sivyo. Wareno walipofika pwani hii, Kilwa ilikuwa imekwisha kupiga sarafu zake kwa miaka mingi sana. Sultani Ali bin al-Hasan alipiga sarafu zenye jina lake, na wataalamu wa leo wamweka katika karne ya 11. Walimfuata wengine waliofanya kama yeye, miongoni mwao al-Hasan bin Sulaiman, Sulaiman bin al-Hasan na Daud bin al-Hasan.

Sarafu hizo nyingi ni za shaba nyekundu, nazo ni ndogo. Upande mmoja lipo jina la Sultani. Upande wa pili yapo maneno ya kumtegemea na kumsifu Mwenyezi Mungu. Na jambo la kupendeza ni hili: maneno ya upande mmoja yamelinganishwa vina na maneno ya upande wa pili. Mtu aligeuza sarafu katika kiganja chake akapata kina kilichokamilika, kama mshororo wa shairi. Sisi watu wa pwani, tupendao mashairi mpaka leo, tusistaajabu kuwa wazee wetu walitia vina hata katika fedha ya kununulia samaki.

Sarafu hizi za shaba hazina mwaka. Kwa hiyo mtu aziokotapo hawezi kusoma tarehe juu yake. Tarehe yake hujulikana kwa mahali zilipolala na kwa vitu vilivyolala pamoja nazo: vigae vya vyungu, shanga, na vipande vya sahani za Uchina. Kumbukeni neno hili, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu.

Sultani mashuhuri kuliko wote ni al-Hasan bin Sulaiman. Msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika nchi ya Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta yeye akitawala. Ameandika kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa ukarimu wake. Aliandika pia kwamba zawadi zitolewazo Kilwa zilikuwa pembe za ndovu, na dhahabu ilitolewa kwa nadra. Jumba la Sultani huyo ni Husuni Kubwa, ambalo magofu yake yanasimama hata leo juu ya ukingo wa bahari, upande wa mashariki wa mji wa kale wa Kilwa Kisiwani.

Zamani wataalamu walidhani kwamba Kilwa haikupiga dhahabu kabisa. Lakini mwaka 1991 bibi mmoja mtaalamu wa sarafu, Helen Brown, alichapisha habari za sarafu tatu za dhahabu zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Ni tatu tu. Basi fikirini: dhahabu ya nchi za bara ilipita katika bandari ya Kilwa kwa muda wa miaka mia na zaidi, na sarafu za dhahabu za mji wenyewe zilizosalia hata kuelezwa katika kitabu hazitoshi kujaza kiganja cha mtoto.

DHAHABU ILIYOKWENDA MBALI

Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa. Ilichimbwa katika nchi ya juu ambayo leo ni Zimbabwe, ikateremshwa mpaka bandari ya Sofala, kisha ikaletwa kaskazini kwa majahazi. Masultani wa Kilwa waliishika biashara ya Sofala, na hapo ndipo utajiri wa mji ulipotoka. Ushahidi mmoja ni sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman iliyopatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari. Kipande kile kidogo kilisafiri mwendo wa miezi, nacho chathibitisha njia ambayo hakuna mtu aliyeiandika.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim kutoa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ilipelekwa Lisbon, na Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha ibada cha kuwekwa katika kanisa la Belém. Chombo hicho kilimalizika mwaka 1506, na maandiko yaliyo chini yake yasema wazi kwamba kimefanywa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Hata leo kimo katika nyumba ya makumbusho ya Lisbon, na watu huenda kukitazama. Mwaka 1505 Wareno walirudi kwa vita chini ya Francisco de Almeida, wakauteka mji na kuupora. Kwa hiyo mtu wa Kilwa atakaye kuona dhahabu nyingi iliyopita mikononi mwa wazee wake, hana budi kusafiri mpaka Ulaya. Shaba ndiyo iliyobaki kwetu, imelala katika udongo wetu. Je, nayo tuiache iende?

RIALE, PESA, RUPIA NA HELA

Baada ya hapo pwani yetu ilitumia fedha za mataifa mengi. Ilikuwako riale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo wafanya biashara waliipenda kwa sababu uzani wake haukubadilika. Ilikuwako rupia ya Bara Hindi. Seyyid Barghash wa Unguja alipiga fedha zake mwaka 1299 wa Hijra, yaani mwaka 1882: pesa za shaba zenye picha ya mizani, riale za fedha, na riale tano za dhahabu zilizo adimu sana.

Wadachi, yaani Wajerumani, walipoingia, kampuni yao ilianza kupiga pesa za shaba mwaka 1890, na pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1904 hesabu hiyo ilibadilishwa, rupia moja ikagawanywa katika heller 100. Jina hilo la heller ni jina la sarafu ndogo ya Ulaya, nasi tuliligeuza tukasema "hela". Dola ya Wadachi imekwisha, na hela zao zimekwisha kutumika, lakini jina limebaki midomoni mwetu. Kila mtoto amwombaye baba yake hela humtaja Mdachi bila kujua.

Tusisahau kwamba fedha hizo hazikuja kwa upole. Tangu mwaka 1898 kila nyumba ilitozwa kodi, na mtu asiye na rupia alilazimika kuitafuta kwa kazi. Kodi hiyo, pamoja na kazi ya lazima katika mashamba ya pamba, ilikuwa miongoni mwa sababu za vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Mtu akiokota rupia ya miaka ile katika shamba la Umatumbi, asiitazame kama pambo tu. Yumkini mtu aliitolea jasho, na pengine machozi.

DHAHABU YA TABORA

Sasa twafika kwenye sarafu ya dhahabu ya nchi yetu ambayo watunza sarafu duniani huitamani sana. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, merikebu za Waingereza zilizuia bandari zote za pwani, na Wadachi hawakuweza tena kupata fedha kutoka kwao. Askari walitaka mshahara, na wenye vyakula walitaka malipo. Kwanza walichapa noti za karatasi, lakini watu wengi hawakuziamini. Ndipo walipoanza kupiga sarafu wenyewe katika karakana ya reli, upande wa Tabora, mwaka 1916.

Za thamani ndogo zilikuwa hela 5 na hela 20, zilizopigwa kwa shaba yo yote iliyopatikana. Na dhahabu ilitoka katika machimbo ya Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba. Kwa dhahabu hiyo walipiga sarafu ya rupia 15. Upande mmoja una tai wa Mdachi. Upande wa pili una picha ya ndovu aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Chini yake umeandikwa mwaka 1916 na herufi T, ambayo maana yake ni Tabora. Mchongaji wa mihuri alikuwa fundi kutoka kisiwa cha Ceylon, ambacho leo chaitwa Sri Lanka.

Zilipigwa sarafu 16,198 tu. Mihuri ilikuwa ya namna mbili. Katika namna moja ncha ya pambo la kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika namna ya pili huishia chini ya herufi A. Za kwanza zilikuwa 9,803 na za pili 6,395. Sasa mwaona kwa nini tulisema kwamba mihuri miwili haifanani: tofauti ya upana wa uzi yawafanya watu kutafuta sarafu mbili badala ya moja.

Wanafunzi na wafanye hesabu hii. Uzani wa sarafu ya Tabora ni gramu 7.168, na katika kila sehemu nne, tatu ni dhahabu. Basi dhahabu yake halisi ni gramu 5.376. Lakini rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20 za Ujerumani, na sarafu ya mark 20 ilikuwa na dhahabu halisi gramu 7.168. Kwa hiyo ndovu wa Tabora alikuwa na robo tatu tu ya dhahabu ya mwenzake wa Ulaya. Serikali iliyo katika dhiki hupunguza dhahabu na kuongeza maneno. Wabelgiji waliingia Tabora mwezi wa Septemba mwaka ule ule wa 1916, na kazi ya kupiga fedha ikaisha.

TAI WA DHAHABU WA MAREKANI

Marekani nayo ina habari ya namna hii. Dhahabu ilivumbuliwa California mwaka 1848, na kwa wingi wake serikali ilianza kupiga sarafu kubwa ya dola 20. Ilikuwako pia ya dola 10, ya dola 5, na ya dola 2 na nusu. Ile ya dola 10 iliitwa "tai", na ile ya 20 "tai maradufu".

Rais Theodore Roosevelt, yule yule aliyeteremka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda katika Afrika ya Mashariki, aliona kwamba sarafu za nchi yake hazina uzuri. Akamwita mchongaji mkubwa wa sanamu, Augustus Saint-Gaudens, amfanyie sarafu zifananazo na za Wayunani wa kale. Mchongaji alikuwa mgonjwa, akafa mwezi wa Agosti 1907 kabla ya kuiona kazi yake ikienea. Juu ya dola 20 alimchonga mwanamke asimamaye na mwenge mkononi, na upande wa pili tai arukaye juu ya jua. Picha ilikuwa imeinuka sana hata mashine haikuweza kuipiga kwa pigo moja. Ilibidi kila sarafu irudishwe chini ya mashine mara kwa mara. Mafundi walilalamika, mwisho picha ikashushwa ili kazi iende upesi.

Mwaka uliofuata, 1908, mchongaji Bela Lyon Pratt alifanya dola 5 na dola 2 na nusu kwa namna ya ajabu: picha haikuinuka, bali ilizama ndani ya uso wa sarafu. Wako watu waliolalamika kwamba uchafu utakaa mashimoni na kueneza maradhi. Sarafu hizo zilipigwa hivyo hivyo, na leo ni tunu.

Kisha mwaka 1933, wakati wa dhiki kubwa ya biashara, Rais Franklin Roosevelt aliamuru watu warudishe dhahabu yao serikalini. Mwaka huo zilikuwa zimekwisha kupigwa dola 20 zipatazo 445,500. Karibu zote ziliyeyushwa zikawa matofali ya dhahabu. Chache zilichopoka kwa siri. Moja ilifika mpaka katika hazina ya Mfalme Farouk wa Misri. Sarafu moja ya mwaka ule iliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 18.9. Dhahabu iliyomo ndani yake ni gramu 30 tu.

THAMANI YATOKA WAPI?

Hapa mtu wa busara atauliza: Ikiwa dhahabu ni gramu 30 tu, zile milioni zatoka wapi? Zatoka katika mambo matatu. La kwanza ni uchache: kilicho kingi hakitafutwi. La pili ni hali: sarafu ambayo haikusagika wala kusuguliwa yapendwa mara nyingi kuliko iliyochakaa. La tatu ni habari: sarafu ile yajulikana ilipigwa lini, iliponaje, ikapita mikononi mwa nani. Mwondolee habari hizo, abaki na kipande cha dhahabu cha kufanyia kipini cha pua.

Sarafu za shaba za Kilwa haziuzwi kwa mamilioni, wala hatuwaambii kwamba mtatajirika kwa kuziokota. Lakini kwa jambo la tatu, yaani habari, zinashinda dhahabu nyingi. Sikilizeni mfano. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi ile. Siku moja aliokota sarafu tisa mchangani. Hakuzijua, ila alizitia katika mkebe, na mahali alipozipata alipatia alama katika ramani. Mwaka 1979 alizitoa zitazamwe. Nne zilikuwa za Waholanzi, na tano zilikuwa za masultani wa Kilwa! Zilivukaje Bahari ya Hindi yote mpaka kule? Mpaka leo wataalamu wanashindana. Lakini mashindano hayo yasingekuwapo kama askari yule hakutia alama yake katika ramani. Yeye alikuwa mgeni wa mambo hayo, naye alifanya vizuri kuliko sisi walimu.

Mfano wa pili ni wa hapa hapa. Mwaka 2013, katika kisiwa cha Songo Mnara, wachimbaji wenye elimu walipata akiba ya mamia ya sarafu za shaba za Kilwa zilizofukiwa pamoja. Kwa kuwa walichimba polepole na kuandika kila kitu, akiba ile ilikuwa kama barua. Walijua ni sarafu za masultani gani zilizokuwa zikikaa pamoja, na wakati gani. Kama angezipata mtu wa kupita akaziuza moja moja, barua ile ingechanwa vipande mia, na kila kipande kingekwenda mji wake.

TUFANYE NINI?

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Basi, ndugu zetu wa Kilwa Kivinje, wa Masoko, wa Kisiwani, wa Lindi na wa Mikindani, tushike mambo haya.

Kwanza, usisugue. Usitumie ndimu, wala majivu, wala mchanga, wala ukwaju. Kutu ya kijani si uchafu. Ni ngozi ya sarafu, na mara nyingi herufi zimo ndani ya ngozi hiyo. Ukiiondoa, herufi zaondoka nayo. Ifunge katika karatasi kavu, uiweke pasipo na unyevu.

Pili, andika. Twaa karatasi uandike siku, mahali, na kina. Usiandike "Kilwa" tu; andika "hatua ishirini kusini ya msikiti wa kale, chini ya mbuyu, kina cha shubiri moja". Andika na vitu vilivyokuwa pamoja nayo. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto wako aliye shuleni akuandikie. Na usichimbe zaidi. Uache udongo kama ulivyo.

Tatu, toa habari. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yasema kwamba vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863 ni vya kuhifadhiwa, na mtu avigunduaye yampasa atoe habari kwa afisa wa serikali au kwa makumbusho. Katika Dar es Salaam iko nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1940, nayo ni yetu sote. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia nzima. Ni aibu dunia iyahesabu kuwa mali, na sisi wenyewe tuuze vipande vyake kwa bei ya kibaba cha mchele.

Nne, jihadharini na walaghai. Wapo wauzao "dhahabu ya Mdachi" iliyo shaba tupu. Itieni katika mizani. Dhahabu ni nzito sana: kipande cha shaba chenye upana na unene wa ndovu wa Tabora hakifiki hata gramu 5, na ndovu mwenyewe hupita gramu 7. Mizani ya sonara haidanganyiki kwa mng'ao.

Na kama nyumbani mwako zimo hela au rupia alizoziacha babu sandukuni, zitunze. Muulize bibi yako zilitoka wapi, nani alizichuma, na kwa kazi gani, ukayaandike majibu yake upesi, angali na uwezo wa kukujibu. Walimu wenzetu waweza kufanya hivyo pamoja na wanafunzi wao: kila mtoto alete habari ya sarafu moja ya nyumbani kwao, wala si sarafu yenyewe. Katika muda wa mwaka shule itakuwa na kitabu cha historia ambacho hakipatikani dukani.

Ama zile sarafu zetu saba, tulizipeleka zote kunakohusika. Mbili bado zilisomeka, na juu ya moja lilionekana jina la al-Hasan. Tano zilipokewa kwa adabu, lakini aliyezipokea alizigeuza pande zote mbili, akazirudisha katika karatasi bila kusema neno. Yule mtoto alifanya yaliyompasa: aliokota, akafunga kitambaani, akamletea mwalimu wake. Kosa lilikuwa letu. Atakayekuletea wewe kitambaa kama kile, mwulize kwanza, uandike, na ndimu uiache jikoni.